Kwa Notari: Muhuri Unashuhudia Nini, na Namna ya Kuupata Bila Kurudishwa Nyumbani

Kosa linalowarudisha watu nyumbani ni dogo mno: wanafika wakiwa wameshatia saini. Hati wameiandaa vizuri, wameisoma, wameisaini usiku mezani kwao, na asubuhi wanaipeleka ikagongwe muhuri. Notari anaitazama, kisha anauliza, "Umesaini lini?" Hapo ndipo hati inapoanza upya.

Wengi huondoka wakinung'unika kwamba ni urasimu tu. Lakini swali hilo ndilo kiini cha kazi yake, na ukilielewa, mengi yaliyobaki humu utaweza kuyakisia mwenyewe.

## Muhuri unashuhudia nini

Notari, au mthibitishaji wa umma kama wengine wanavyomwita, ni mtu aliyepewa mamlaka ya kisheria ya kushuhudia kwa niaba ya wote ambao hawakuwepo. Benki iliyo mbali, mahakama, mnunuzi wa nyumba au ubalozi hawawezi kukuona ukisaini, kwa hiyo wanategemea macho yake. Anapogonga muhuri huwa anawaambia: mtu huyu alifika mbele yangu, nilimtambua, alijua anachokisaini, na alikisaini kwa hiari yake siku hii mahali hapa.

Hasemi kwamba yaliyoandikwa ni kweli. Ukiapa kwamba shamba ni lako na si lako, muhuri hautakupa shamba. Utakachopata ni ushahidi ulioandaliwa kwa mkono wako mwenyewe kwamba uliapa uongo, na kuapa uongo ni kosa la jinai karibu kila mahali. Kwa hiyo mtu anayekuambia "hati hii ni halali, si unaona ina muhuri?" amechanganya mambo mawili. Saini inaweza kuwa ya kweli kabisa chini ya maneno ya uongo mtupu.

## Jina moja, kazi mbili

Hapa panahitaji utulivu kidogo, kwa sababu neno hilohilo lina maana tofauti ukivuka mpaka.

Asili yake ni Roma, ambako waandishi waliandika haraka kwa alama za mkato. Tiro, mtumwa aliyeachwa huru na mwanasiasa Cicero, ndiye anayehusishwa na mfumo mashuhuri wa alama hizo, na neno la Kilatini la alama, nota, ndilo lililozaa jina la notari. Kutoka huko zikatokea njia mbili.

Katika nchi zinazofuata mfumo uliotokana na sheria za Kirumi, kama Ufaransa, Ujerumani, Italia, Hispania na sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini, notari ni mwanasheria aliyesomea kazi hiyo kwa miaka. Hashuhudii hati yako tu, anaiandika. Anakagua nani mmiliki, anawaeleza pande zote mbili matokeo ya wanachokifanya, na hati halisi hubaki katika kumbukumbu zake huku nyinyi mkipewa nakala rasmi. Hati kama hiyo ina nguvu ya pekee mahakamani. Mauzo ya nyumba na kuanzisha kampuni nchini Ujerumani, kwa mfano, hupita kwake kwa lazima. Notari wa aina hii wana umoja wao wa kimataifa tangu 1948.

Katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, kazi yake ni nyembamba zaidi: kushuhudia, kuapisha, kuthibitisha nakala. Nchi nyingi za Jumuiya ya Madola huwapa mawakili mamlaka hayo juu ya uwakili wao. Uingereza kwenyewe, notari hushughulika zaidi na hati zinazokwenda nje ya nchi, na uteuzi wao bado hupitia ofisi ya Askofu Mkuu wa Canterbury, jambo lililoanzia sheria ya 1533 ya zama za Mfalme Henry VIII. Marekani imekwenda upande mwingine kabisa: huko notari anaweza kuwa karani wa benki au mwenye duka, na akiwa si wakili ni marufuku kukushauri kuhusu sheria. Hata rais aliwahi kuapishwa na notari. Calvin Coolidge, aliyekuwa makamu wa rais, alikuwa nyumbani kwa baba yake katika jimbo la Vermont usiku wa kuamkia tarehe 3 Agosti 1923 habari za kifo cha Rais Harding zilipomfikia, na baba yake huyo, aliyekuwa notari, akamwapisha kwa mwanga wa taa ya mafuta.

Tofauti hii imewaumiza watu. Wahamiaji kutoka Amerika ya Kusini wanaofika Marekani huona kibao chenye neno la Kihispania "notario" wakadhani wamempata mwanasheria mzito kama wa kwao. Wanalipia ushauri wa uhamiaji kwa mtu asiye na ruhusa ya kuutoa, na kesi zao zinaharibika. Kabla ya kumwamini notari wa nchi usiyoijua, uliza kwanza: hapa notari ana mamlaka gani?

## Hatua ya 1: Anza na atakayeipokea hati

Usianze na notari. Anza na ofisi itakayoipokea hati, maana ndiyo yenye uwezo wa kuikataa. Waulize, na ikiwezekana wakujibu kwa maandishi:

- Wanataka notari hasa, au wakili au kamishna wa viapo anatosha?
- Wana fomu yao au maneno maalumu yanayotakiwa?
- Wanataka hati halisi au nakala iliyothibitishwa?
- Iwe katika lugha gani?
- Inatakiwa iwe ya karibuni kiasi gani? (Ofisi nyingi hazipokei nakala iliyothibitishwa zamani.)
- Kama inavuka mpaka, inahitaji uthibitisho mwingine juu ya ule wa notari?

Dakika kumi za simu hapa zinaokoa wiki nzima baadaye. Notari hawezi kukujibia maswali haya. Akikisia, gharama ya kukosea ni yako.

## Hatua ya 2: Jua unaomba huduma ipi

"Naomba muhuri" ni ombi pana mno. Huduma ziko kadhaa, na kila moja ina masharti yake.

Kiapo. Hati ya kiapo, au afidaviti, ni maelezo unayoyaapia kuwa ni ya kweli. Hapa saini ni lazima itiwe mbele ya anayekuapisha, na kabla ya kusaini anatakiwa akuapishe kweli, kwa mdomo. Asiye na dini, au ambaye dini yake inamkataza kuapa, huruhusiwa kutoa tamko la dhati badala ya kiapo, nalo lina uzito uleule.

Kukiri saini. Unathibitisha kwamba saini ni yako na uliitia kwa hiari. Hii ndiyo huduma ambayo, katika baadhi ya nchi, unaweza kufika ukiwa umeshasaini kisha ukakiri mbele ya notari. Hata hivyo usibahatishe. Acha nafasi ya saini wazi mpaka uambiwe.

Nakala iliyothibitishwa. Notari analinganisha nakala na hati halisi uliyomletea. Bila hati halisi mkononi hakuna cha kulinganisha, na nakala ya nakala haifai. Vyeti vya kuzaliwa, ndoa na kifo vina tatizo lake: sehemu nyingi notari haruhusiwi kuvithibitisha, kwa sababu nakala rasmi hutolewa na ofisi ya usajili yenyewe.

Hati ya uwakilishi. Unampa mtu mwingine mamlaka ya kutenda kwa jina lako. Nitairudia, maana ndiyo inayoleta vilio.

Kuna na kazi za zamani ambazo bado zipo: kuandika rasmi kwamba hawala ya fedha iliwasilishwa ikakataliwa kulipwa, au kupokea tamko la nahodha aliyepita kwenye dhoruba na sasa anahofia madai ya mzigo ulioharibika.

Kuhusu wosia, watu wengi hudhani muhuri ndio unaouhalalisha. Inategemea nchi. Chini ya sheria ya Uingereza ya 1837, kwa mfano, kinachotakiwa ni maandishi, saini, na mashahidi wawili walio pamoja wakati mwenye wosia anasaini au anakiri saini yake. Muhuri wa notari hauzibi pengo la shahidi aliyekosekana. Wosia wenye muhuri mzuri na shahidi mmoja unaweza kuwa karatasi bure.

## Hatua ya 3: Itengeneze karatasi

Jaza kila nafasi. Notari makini hagongi muhuri kwenye hati yenye mapengo, kwa kuwa pengo ni mlango: mtu anaweza kulijaza baada ya wewe kuondoka, na muhuri utaonekana kuyabariki maneno ambayo hukuyaona. Pasipohusika, andika "haihusiki" au piga mstari.

Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Kitambulisho chenye majina matatu na hati yenye mawili ni mwanzo wa maswali. Kama umebadili jina kwa ndoa au sababu nyingine, nenda na cheti kinachoonyesha badiliko hilo.

Ukikosea, usifute kwa rangi nyeupe. Piga mstari mmoja juu ya kosa, andika sahihi pembeni, na ufupisho wa saini yako uwekwe hapo mbele ya notari. Makosa yakizidi, chapa upya. Kurasa zihesabiwe, na pabaki nafasi ya kutosha chini kwa maneno ya uthibitisho na muhuri. Muhuri uliogongwa juu ya maandishi ukayaficha ni sababu tosha ya hati kukataliwa.

## Hatua ya 4: Vitambulisho na watu wa kwenda nao

Peleka kitambulisho halisi cha serikali chenye picha, ambacho hakijaisha muda. Picha kwenye simu haikubaliki sehemu nyingi. Pasipoti ndiyo salama zaidi kwa hati inayosafiri.

Ukisaini kwa niaba ya kampuni, notari ana watu wawili wa kuwatambua: wewe na kampuni. Atataka karatasi za usajili na ushahidi kwamba umepewa mamlaka, kwa kawaida azimio la bodi. Cheo kilichochapwa kwenye kadi ya biashara si ushahidi.

Kama hati inahitaji mashahidi, uliza mapema kama unatakiwa kwenda nao, na nani hafai. Anayefaidika na hati ndiye shahidi mbaya kuliko wote.

Anayesaini asipoijua lugha ya hati, tafuta mkalimani asiye na maslahi. Kijana anayemtafsiria baba yake hati ya kumuuzia yeye huyo kijana nyumba ni jambo ambalo notari mwenye busara atalikataa, hata kijana awe mwadilifu namna gani.

## Hatua ya 5: Mchague notari

Hakikisha mamlaka yake yako hai. Nchi nyingi huweka orodha ya notari au mawakili inayoweza kukaguliwa na yeyote. Mamlaka hayo pia huwa na eneo lake: notari wa jimbo moja au nchi moja hawezi tu kubeba muhuri wake akaenda kuutumia jirani.

Asiwe ndugu yako wa karibu, asiwe mhusika katika hati, asiwe na chochote cha kupata kutokana nayo zaidi ya ada yake. Na ada yenyewe iulize kabla: ni kwa hati, kwa saini au kwa ukurasa? Sehemu nyingine sheria imeweka kikomo, kwingine ni makubaliano.

Jihadhari na anayesema, "Niachie tu, nitagonga, usijisumbue kuja." Inaonekana ni hisani. Lakini kama anagonga muhuri kwa ajili yako bila kukuona, anaweza pia kuugonga kwa mtu anayejifanya ni wewe. Na siku hati itakapopingwa, swali la kwanza la wakili wa upande wa pili litakuwa ulikuwa wapi siku ile.

## Hatua ya 6: Mbele yake

Utakachokutana nacho hakichukui muda. Ataangalia kitambulisho, atalinganisha sura, atauliza kama umeisoma hati na unaielewa. Usijibu "ndiyo" kwa adabu tu. Kama kuna kifungu kinakutatiza, sema. Kama kuapa kunahitajika, atakuapisha. Utasaini, ataandika maneno yake ya uthibitisho, atasaini, atagonga muhuri. Wengi huandika tukio hilo kwenye daftari na kukutaka usaini humo pia. California huenda mbali zaidi: kwa hati za ardhi na za uwakilishi, alama ya dole gumba hubaki kwenye daftari la notari.

Asiyeweza kusaini hazuiliwi. Husomewa hati yote kwa sauti katika lugha anayoielewa, akaweka alama au dole gumba, na mashahidi wakashuhudia hayo. Asiyeona naye husomewa. Jambo la kuzingatia ni kwamba maneno ya uthibitisho yataje wazi kuwa alisomewa na akaelewa, maana bila hayo hati ni rahisi kuangushwa baadaye.

Kuna siku notari atawaomba ndugu watoke chumbani. Msikasirike. Mzee mgonjwa amekaa katikati ya watoto watatu, hati ya kuhamisha nyumba iko mezani, na kila akiulizwa swali anajibu mwanawe. Notari anataka kumsikia mzee peke yake: anajua leo ni siku gani? Anajua anatoa nini, na kumpa nani? Kuna aliyemlazimisha? Akiona wasiwasi, ataahirisha au atataka maoni ya daktari. Kwa familia ni usumbufu. Kwangu mimi, hapo ndipo notari anapostahili ada yake yote, kwa sababu kitambulisho hata mashine inaweza kukisoma, ila hofu iliyo machoni mwa mtu inahitaji mtu mwingine aione.

Ana haki ya kukataa pia pale kitambulisho kinapotia shaka, hati inapokuwa na mapengo, au anapoona wazi kwamba kuna ulaghai. Uliza sababu, rekebisha, rudi. Kukimbilia notari mwingine bila kurekebisha ni kuhamisha tatizo tu.

## Hatua ya 7: Kabla hujatoka mlangoni

Simama hapohapo uikague. Tarehe ni ya leo? Mahali pametajwa? Jina lako katika maneno ya uthibitisho linafanana na lililo kwenye hati? Jina la notari linasomeka, na kama mamlaka yake yana ukomo, tarehe ipo? Muhuri umetoka wote, au nusu? Kama uthibitisho uko kwenye karatasi ya pembeni, je, inataja hati inayohusika na imefungwa nayo? Kurekebisha mbele yake ni kazi ya dakika moja.

## Hati ya uwakilishi: iogope kidogo

Hii ni karatasi inayoweza kuuza nyumba yako ukiwa umelala. Usichukue sampuli ya "mamlaka yote" kwa sababu ni fupi. Taja kazi: kuuza kiwanja fulani, kufuatilia mirathi fulani, kuendesha akaunti fulani. Taja pia asichoruhusiwa, hasa kujiuzia mwenyewe au kumpa mtu wa tatu mamlaka hayo. Weka tarehe ya mwisho.

Kumbuka kwamba kwa kawaida mamlaka haya hufa pamoja na aliyeyatoa. Anayeendelea kutoa fedha za marehemu kwa hati ya uwakilishi hafuati wosia wala mirathi, anajitafutia kesi.

Ukitaka kuyafuta, kumpigia simu wakala hakutoshi. Andika hati ya kufuta, ithibitishe vilevile, mpe wakala, kisha wape nakala benki, ofisi ya ardhi na yeyote aliyewahi kuoneshwa ile ya kwanza. Dai hati halisi zote zirudi. Benki isiyojua kwamba umefuta itaendelea kumhudumia wakala wako wa zamani kwa heshima zote.

## Kushuhudia kwa video

Virginia, mwaka 2011, ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kupitisha sheria ya kuruhusu mtu kufika mbele ya notari kwa video, na janga la korona likaisukuma njia hii sehemu nyingi. Si simu ya video ya kawaida tu: utambulisho hukaguliwa kwa hatua kadhaa, saini ni ya kidijitali na kikao hurekodiwa. Inafaa sana, mradi umerudi hatua ya 1 na kuuliza kama mpokeaji anaikubali.

## Hati ikivuka mpaka

Ofisa wa nchi nyingine hamjui notari wako. Anahitaji mtu wa kumwambia kwamba huyu kweli ni notari na saini ni yake. Zamani hilo lilikuwa mlolongo mrefu: notari, kisha ofisi inayosimamia notari, kisha wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa nchi inakokwenda. Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 uliufupisha kwa nchi wanachama kuwa cheti kimoja kiitwacho apostili. China ilianza kuutumia Novemba 2023 na Kanada Januari 2024, kwa hiyo maelekezo ya zamani kuhusu nchi hizo yamepitwa na wakati.

Apostili ni umbo la mraba lenye vipengele 10 vilivyopewa namba, na kichwa chake huandikwa kwa Kifaransa kokote kitolewako. Inathibitisha saini, cheo cha aliyesaini, na muhuri. Haithibitishi yaliyomo, kama vile notari naye hakuyathibitisha. Hutolewa na mamlaka ya nchi hati ilikotoka, si inakokwenda. Kama moja ya nchi hizo mbili si mwanachama, mlolongo wa zamani bado unakusubiri, na uupangie wiki, si siku.

Uliza pia mpangilio wa tafsiri. Wengine hutaka hati itafsiriwe baada ya apostili ili nayo itafsiriwe, wengine wanataka saini ya mfasiri yenyewe ithibitishwe na notari. Ukikosea mpangilio unalipa mara mbili.

Na ukishaipata hati kamili, usiing'oe pini. Watu huichambua ili kuipiga picha vizuri, kisha wakaibana tena. Matundu mawili ya pini yanatosha kumfanya ofisa wa dirishani ashuku kwamba ukurasa wa kati umebadilishwa, na hana namna ya kujua kwamba haukubadilishwa. Ikunje pembe, ipige picha hivyohivyo, uiweke kwenye bahasha ngumu.